Mwenye presha au kisukari naye hukata bima ya maisha: hivi ndivyo hesabu inavyopigwa

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, habari za bima zinazungumzwa kila kona ya Dar es Salaam, na mkanganyiko umekuja nazo. Kijiweni, kwenye mwendokasi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, utasikia kauli ileile: "Mimi nina sukari, bima ya maisha hawanipi." Anayeisema mara nyingi hajawahi hata kuomba. Kaambiwa na shemeji, ambaye naye kaambiwa na wakala wa bima ya gari.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa. Bima ya afya inalipa hospitali ukiwa unaumwa; kadi ya NHIF ni ya huko. Bima ya maisha haikutibu. Ni mkataba ambao wewe unalipa ada, kwa mwezi au kwa mwaka, na kampuni inaahidi kwamba ukifariki wakati mkataba bado unatembea, itawalipa watu uliowaandika kiasi mlichokubaliana. Watu hao wanaitwa wanufaika, na kiasi hicho ndiyo kinga. Kuwa na kadi ya matibabu hakumwachii mjane wako hata shilingi.

Ndani ya bima ya maisha kwenyewe kuna matawi. Bima ya muda inakukinga kwa miaka mliyopatana, tuseme 10 au 15. Ukifariki ndani yake wanufaika wanalipwa, ukiivuka salama hakuna cha kurudishiwa. Bima ya akiba, pamoja na ile wanayoiita ya elimu, inachanganya kinga na kuweka fedha, ndiyo maana ada yake ni kubwa. Bima ya kundi hukatwa na mwajiri au chama kwa ajili ya watu wake wote. Bima ya mkopo inafuta deni lako benki ukifariki. Na kuna zile ndogo za mazishi, zinazotoa fedha ya msiba tu.

Ugonjwa wa awali, unaowatia watu hofu, maana yake ni maradhi yoyote uliyokuwa nayo, uliyotibiwa au uliyoambiwa na daktari kabla hujasaini mkataba. Presha imo, kisukari kimo, pumu, VVU, selimundu (sikoseli), figo, saratani iliyotibiwa ikaisha, moyo uliofanyiwa upasuaji pale Taasisi ya Jakaya Kikwete. Kujisikia mzima hakuuondoi. Presha iliyotulia kwa sababu unameza kidonge kila asubuhi bado ni presha kwenye fomu.

Kwa nini wanakuuliza

Angalia kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho mitaa mingi ya Mbagala, Manzese au Tabata inacho. Wanachama wanachanga, msiba ukitokea familia inapewa kiasi kilichoandikwa kwenye katiba. Sasa mtu anakuja na jina la baba yake ambaye yuko wodini Muhimbili wiki ya tatu, anataka aandikwe leo. Hakuna atakayemtolea maneno makali, ila katibu atafungua katiba na kusoma kifungu kinachosema mwanachama mpya haanzi kufaidika mpaka atimize miezi mitatu ya kuchanga. Hawamchukii mzee. Wanajua kila mtu akisubiri kujiunga siku mgonjwa wake amelazwa, mfuko utakauka na waliochanga kwa miaka watakuta sanduku tupu. Kampuni ya bima inaogopa hilohilo, isipokuwa yenyewe haiwajui wateja wake kwa sura wala haina jirani wa kuiambia nani anaumwa. Kwa hiyo inauliza kwenye karatasi, na kinga ikiwa kubwa inataka na damu yako ipimwe.

Majibu yakishapatikana, kuna watu wanaitwa watakwimu bima ambao kazi yao ni kukadiria, kati ya watu wengi wenye umri na hali kama yako, wangapi watafariki ndani ya muda wa mkataba. Wewe mwenyewe hawakutabirii, wanapiga hesabu ya kundi. Kinga ikiwa kubwa sana kampuni haibebi mzigo peke yake. Sehemu inapelekwa kwenye kampuni za bima mtawanyo, kama TAN-RE iliyopo hapahapa Dar es Salaam, na huko nako wana la kusema kuhusu afya yako. Ndiyo maana maombi ya mwenye ugonjwa yanaweza kuchukua wiki kadhaa wakati ya jirani yake yametoka haraka.

Wengi wanadhani jibu ni ndiyo au hapana. Kumbe katikati pana nafasi kubwa. Unaweza kukubaliwa kwa ada ya kawaida kabisa, hasa presha ikiwa ndogo na imedhibitiwa. Unaweza kukubaliwa kwa nyongeza: tuseme, kwa mfano tu, mtu mzima wa umri wako analipa 300,000 kwa mwaka, wewe unaongezewa asilimia 50 na kulipa 450,000 kwa kinga ileile. Unaweza kukubaliwa lakini kifo kitakachotokana na ugonjwa fulani kikaondolewa. Unaweza kuahirishwa, uambiwe urudi baada ya miezi sita au mwaka, ambalo ndilo jibu la kawaida kwa aliyegundulika juzi au aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Kukataliwa moja kwa moja kupo, na kwa baadhi ya magonjwa, kama figo zilizofikia kusafishwa damu, ndilo jibu la kutarajia.

Wanachokitazama hasa ni kama ugonjwa umedhibitiwa na una ushahidi gani. Chukua watu wawili wa miaka 42, wote wana kisukari cha aina ya pili. Wa kwanza anahudhuria kliniki, daftari lake limejaa, kipimo cha HbA1c, ambacho kinaonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita, kinasoma 6.8, figo na macho viko sawa, havuti sigara. Wa pili anajiona mzima kwa sababu hajapima, na siku kampuni inampeleka maabara anakutwa na 11. Wa kwanza ana nafasi nzuri ya kupata mkataba wenye nyongeza ya kuvumilika. Wa pili, aliyekuwa akisema "mimi sina ugonjwa wowote", ndiye atakayeahirishwa. Kwa maoni yangu hili ndilo lisilosemwa vya kutosha: daftari la kliniki lililochakaa kwa kufunguliwa lina thamani ya fedha.

Kwa presha, madaktari wengi huichukulia kuwa imedhibitiwa ikiwa chini ya 140 kwa 90. Na hapa kuna jambo dogo lenye gharama kubwa. Mtu anaambiwa aende kupimwa mjini saa mbili asubuhi. Anapanda mwendokasi Kimara amesimama, anashuka Posta amechelewa, anapanda ngazi kwa miguu kwa sababu lifti ina foleni, anaingia anahema na muuguzi anamfunga kitambaa cha mashine palepale. Namba inayotoka hapo ni ya safari, ila itaandikwa kwenye faili kama ni yako. Fika mapema. Kaa kimya angalau dakika tano, mgongo umeegemea, bila kukunja nne. Kahawa na sigara acha mpaka utoke. Dawa yako ya asubuhi meza kama kawaida. Kuna wanaoiacha wakidhani ni udanganyifu, wakati kampuni inataka kujua presha yako ikoje ukiwa kwenye dawa. Kama umeagizwa ufunge kula kwa ajili ya vipimo na una kisukari, muulize kwanza daktari wako dawa utazimezaje siku hiyo.

Fomu, kalamu ya wakala na saini yako

Nilikuwa nimekaa kwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, wakala akimjazia fomu mwenye duka. Ukurasa wa afya una maswali yanayoanza "Je, umewahi kuugua, kutibiwa au kushauriwa kuhusu…", na mbele ya kila swali vijisanduku viwili. Wakala hakusoma hata moja. Kalamu yake iliteremka kwenye safu ya Hapana, tiki, tiki, tiki, mpaka chini, huku mama akimhesabia mteja chenji. Kwenye meza, nyuma ya kikokotoo, kulikuwa na karatasi ya vidonge vya amlodipine, vitatu vimeshatolewa. "Saini hapa mama, na hapa." Akasaini.

Amlodipine ni dawa ya presha. Wakala hulipwa kamisheni mkataba ukitoka, na mkataba wenye Hapana tupu hutoka haraka. Sisemi wote wako hivyo, wapo wanaokaa na mteja saa nzima. Lakini kisheria ukurasa ule si wa wakala, ni wa aliyesaini. Mkataba wa bima una sharti la uaminifu wa hali ya juu: mwombaji anatakiwa aseme kila jambo ambalo lingeweza kubadilisha uamuzi wa kampuni au ada yake. Usiposema, kampuni ina nafasi ya kuukana mkataba.

"Watajuaje?" ndilo swali linalofuata, na jibu lake ni kwamba wakati wa kukuandikisha huenda wasijue kabisa. Wanajua baadaye. Ili madai yalipwe, familia inapeleka cheti cha kifo cha RITA, taarifa ya hospitali yenye sababu ya kifo, kitambulisho na hati ya bima. Mtu akifariki kwa kiharusi mwaka wa kwanza au wa pili wa mkataba, kampuni itaomba faili lake hospitali, na faili litasema alianza dawa lini. Wakati huo wewe haupo kueleza kwamba wakala ndiye aliyetia tiki. Yupo mjane na fomu yenye saini yako. Mtu aliyelipa nyongeza ya asilimia 50 kwa miaka mitatu na mtu aliyeficha wote walikuwa na presha ileile. Tofauti ni kwamba familia moja inapokea hundi na nyingine inapokea barua.

Kwa hiyo jaza mwenyewe, au msikilize wakala akisoma kila swali. Andika jina la ugonjwa, mwaka ulipogundulika, dawa na kiwango chake, hospitali unayotibiwa. Jibu unaloulizwa, kwa ukamilifu. Swali likigusa maombi ya zamani yaliyokataliwa na kampuni nyingine, liseme pia. Kampuni hazipimi kwa mizani moja, na kukataliwa kwa moja si hukumu ya zote. Piga picha kurasa zote kabla fomu haijaondoka. Aliyeshaficha na mkataba unaendelea anaweza kuandika barua sasa hivi kusahihisha taarifa. Huenda ada ikapanda, huenda mkataba ukabadilishwa, lakini ni mazungumzo anayoyafanya akiwa hai.

Wengine wanaficha kwa kuogopa siri kuvuja, na kwa mji ambao mtu anajuana na nusu ya wafanyakazi wa benki, hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na majibu ya VVU yana ulinzi wake tangu Sheria ya UKIMWI ya 2008. Omba fomu ya afya iende kampuni ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa badala ya kupita mikononi mwa watu watatu. Si ombi la ajabu.

Na VVU je?

Imani kwamba mwenye VVU hawezi kabisa kukatiwa bima ya maisha ilikuwa na ukweli wake enzi ambazo dawa hazikuwepo au zilichelewa. Tangu 2016 nchini kwetu anayekutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kusubiri chembe za kinga za mwili (CD4) zishuke, na mtu anayezitumia vizuri tangu mapema anaweza kuishi umri unaokaribia wa mtu asiye navyo. Watakwimu bima wanayaona mabadiliko hayo. Afrika Kusini kampuni ya AllLife imekuwa ikiwakatia bima ya maisha wenye VVU na wenye kisukari kwa miaka mingi, kwa sharti kwamba waendelee na dawa na vipimo. Kwetu msimamo unatofautiana kampuni kwa kampuni: muulize wakala au dalali swali hilo kabla ya kujaza chochote, na uwe na kipimo cha wingi wa virusi cha karibuni. Ukipata kinga, tarajia nyongeza na muda mfupi zaidi.

Selimundu ni ngumu zaidi, sitawadanganya wazazi. Kwa bima ya mtu mmoja mmoja majibu mara nyingi si mazuri, na ndiyo sababu milango ifuatayo ina umuhimu.

Milango isiyo na sindano

Ukiajiriwa, nenda kwa mtu wa rasilimali watu umuulize kama kampuni ina bima ya maisha ya kundi. Kwenye bima hizi huwekwa kiwango fulani cha kinga ambacho kila mfanyakazi anakipata bila vipimo wala fomu ndefu, mradi yuko kazini siku mkataba unapoanza. Mwenye kisukari na mwenye afya ya chuma wanaingia sawa. Kuna wafanyakazi wamo kwenye bima hiyo miaka mitano na hawajui, na mnufaika aliyeandikwa bado ni mchumba wa zamani. Ubaya wake ni kwamba ukiacha kazi inakatika. Baadhi ya mikataba inakuruhusu kuihamishia kwako binafsi bila kupimwa, ila kwa siku chache tu baada ya kuondoka, kwa hiyo ulizia wiki unayoandika barua ya kuacha.

Mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, naye ana mafao ya warithi, na huko hakuna anayeuliza sukari yako ni ngapi. Kiasi kinategemea michango yako, hivyo si mbadala wa bima, lakini kipo. NSSF inapokea wajiajiri pia: bodaboda, mama lishe, fundi.

Bima ya mkopo iko ndani ya mikopo mingi ya mishahara na ya SACCOS. Wengi wanasaini ukurasa wa tamko la afya humo bila kuusoma, wakiwa na haraka ya fedha kuingia. Yale yote niliyosema kuhusu fomu ya Kariakoo yanahusu na ukurasa huu. Na kumbuka fedha inakwenda kwa aliyekukopesha. Familia inabaki bila deni, haibaki na fedha.

Bima za mazishi zinazouzwa kupitia benki na simu kwa kawaida hazipimi mtu, badala yake zina muda wa kusubiri, kama ile miezi mitatu ya kikundi, wakati mwingine sita au zaidi kwa kifo cha ugonjwa, huku kifo cha ajali kikilipwa tangu mwanzo. Kuna ambazo zinakataa kabisa kifo cha ugonjwa wa awali kwa mwaka wa kwanza. Kinga ni ndogo na ukigawanya utaona kila milioni ya kinga unaitolea ada kubwa kuliko kwenye bima ya muda. Kwa aliyekataliwa kwingine, inafaa. Kwa mwenye presha iliyotulia, ajaribu bima ya muda kwanza. Na anayesita kwa sababu ya riba aulizie takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, ambayo sasa inatolewa nchini chini ya usimamizi wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Kupunguza ada bila kudanganya

Anza na hesabu ya unachotaka kukinga. Deni la kiwanja Chanika, ada ya shule ya watoto wawili mpaka kidato cha nne, kodi ya nyumba mwaka mmoja. Jumlisha, toa kile ambacho kundi la kazini na NSSF vitatoa, kinachobaki ndicho cha kununua. Muda uishe mtoto wa mwisho anapojitegemea, usilipie miaka 30 kwa heshima. Chukua bima ya muda, na ile ya akiba iache mpaka fedha ya ziada iwepo: ukiacha kulipa bima ya akiba katika miaka ya mwanzo unaweza kurudishiwa kidogo kuliko ulichoweka, au usirudishiwe kabisa. Vipengele vya nyongeza vya magonjwa makubwa na ulemavu visome kwa miwani, kwa sababu ugonjwa wako wa awali mara nyingi umetolewa humo hata kama kifo chenyewe kimekingwa. Utakuwa unalipia kitu usichoweza kukidai.

Dalali wa bima mwenye leseni ya TIRA anaweza kupeleka hali yako kwa kampuni kadhaa bila jina, akauliza kila moja ingekuongezea kiasi gani. Wakala wa kampuni moja hawezi kukufanyia hivyo.

Nyongeza nayo si ya milele. Ukikaa miaka miwili vipimo vikiwa vizuri, umepungua uzito, sigara umeacha, iandikie kampuni uombe ada ipitiwe upya na uambatishe majibu. Hawatakukumbusha wao.

Na mkataba usife. Ada ikichelewa unapewa siku za neema, mara nyingi kama 30, zikipita kinga inakatika. Kwa mtu mzima ni usumbufu. Kwa mwenye ugonjwa ni hasara kubwa, kwa kuwa kuufufua kunataka tamko jipya la afya, na afya ya leo huenda si ile ya mwaka ulipoanza mkataba. Afadhali uombe kinga ipunguzwe iendane na mfuko kuliko kuiacha ikatike.

Madai yakikataliwa, familia idai sababu kwa maandishi, pamoja na nakala ya fomu ya maombi na kifungu kilichotumika. Malalamiko ya kwanza yanakwenda kwa kampuni yenyewe. Isiporidhisha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009, ambayo husikiliza mteja na kampuni kabla ya mambo kufika mahakamani. Mnufaika anatakiwa awe na nakala ya hati, risiti za ada na zile picha za fomu, kwa hiyo mwoneshe zilipo ukiwa na nguvu zako.